Mistari Isiyopakwa Buluu

Nchi ninayotaka kuisimulia haina jina, na hata lingekuwepo nisingelitaja, maana mimi ni mtu wa amani na nina watoto. Haiko mbali na haiko karibu. Ina mlima mmoja wa kuchorwa kwenye noti na mto mmoja wa kuombea misaada, na watu wake ni wapole kiasi cha kumwambia mwizi pole akijikwaa na mzigo wao. Ndani ya nchi hiyo mimi nilikuwa mtumishi wa umma. Kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Msicheke. Nilikuwa Mpiga Makofi Daraja la Pili, kazi ya kudumu, na kila palipokuwa na sherehe nilikaa karibu na jukwaa. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Ambayo sikuyaona nimeambiwa na jirani yangu Mama Skola, ambaye hajui kusema uongo, na hata angejua asingeupoteza kwa mtu kama mimi.

Nianze kwa kutangaza kwamba simchukii Dakta Kolumba Ngalaba, aliyekuwa Waziri wa Mipangilio. Mtu akikwambia namchukia, mwulize amejuaje.

*

Mambo yalianza pale Mtukufu Kiongozi wetu alipokwenda ng'ambo kung'olewa jino. Huko hospitalini aliona kompyuta inayosomewa maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, nayo ikiyatii bila kudai posho. Washa taa, inawasha. Funga mlango, inafunga. Mtukufu akatazama mdomo wazi, na si kwa sababu ya jino tu. Aliporudi, hata ngazi za ndege hajazimaliza, akatamka: “Nimeuona utii! Nchi hii yote iandikwe vile.”

Zikachukuliwa katiba, sheria na kanuni zote, zikaandikwa upya kuwa andiko moja refu la maagizo, likawekwa ndani ya kompyuta moja kwenye ghorofa ya juu ya Wizara ya Mipangilio. Makufuli ya magereza, mabomba ya maji, redio za polisi zenye skrini, milango ya stoo za dawa, vyote vikaunganishwa nayo. Likaitwa Andiko Kuu. Walioliandika walikuwa vijana wasomi, wametoka vyuoni na imani zao bado nzima, maskini, wakaandika kila jambo kama linavyotakiwa kuwa.

Kosa likawa hilo. Asubuhi ya kwanza Andiko Kuu liliendeshwa lote, kuanzia juu kwenda chini. Kabla ya saa ya chai dawa zilikuwa zimefika zahanati zote, maji yanatoka hata kwenye mabomba tuliyokuwa tunaanikia nguo, wakuu wa mikoa kadhaa wamefukuzwa kwa wizi, na gari la Waziri Ngalaba limefungwa minyororo kwa kuegeshwa juu ya kaburi la mtu. Mashine ikazidi kushuka. Ilipofika chini kabisa ikatangaza, kwa ile sauti yake nzuri ya kike, kwamba muda wa Mtukufu Kiongozi madarakani ulikwisha zamani, na kwamba anaombwa akabidhi funguo.

Waziri Ngalaba ndiye aliyechomoa waya ukutani. Siku hiyo hiyo akaongezewa ulinzi na dereva wa pili.

*

Sasa tatizo likawa: Andiko Kuu tumekwisha kulitangaza duniani, wageni wamekuja kulipiga picha, hatuwezi kulifuta. Na tukiliendesha, litatuendesha. Waziri akajifungia na kompyuta ile, si kwa ujuzi, bali kwa woga, na woga ni mwalimu mzuri kuliko wengi.

Andiko lilikuwa ndani ya programu ya kuhariria maandishi, ile ya kawaida. Ukishika kipanya ukaburuta juu ya maneno, maneno yanapakwa rangi ya buluu. Waziri alikuwa anatafuta jina lake, akaburuta bila kukusudia, mstari mmoja ukawa buluu, na pembeni kikatokea kitufe kilichoandikwa *Endesha Kilichopakwa*. Akabonyeza. Mstari ule ulikuwa unasema mawaziri wapewe magari mapya. Yakaja. Mstari wa chini yake ulisema mawaziri wayarudishe ya zamani. Haukupakwa, basi ukakaa kimya pale pale ulipo.

Nasikia alipiga magoti akasali.

Juma lililofuata tuliitwa uwanjani, na Waziri akapanda jukwaani na suti ya buluu.

“Ndugu wananchi,” akasema, “Andiko letu ni zuri lote. Nani anabisha? Hakuna. Lakini nawauliza, pilau ikiwa nzuri mtu hula sufuria nzima? Hula sahani! Na kwenye sahani huanza na nyama! Serikali yenu sikivu itakuwa inawachagulieni. Mstari uliopakwa buluu ndio sheria ya leo. Usiopakwa nao ni sheria, tena sheria tukufu, ila umepumzika. Na aliyepumzika, ndugu zangu, kumwamsha ni utovu wa adabu.”

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Ndiyo kazi.

Ikaundwa Idara ya Upakaji, na mkurugenzi wake akawa Skolastika Kapinga, binti wa jirani yangu. Alikuwa amesomea kompyuta mpaka huko mwisho, ana gari la serikali, ana kiti cha kuzunguka. Waziri alikuwa anasema, “Paka hapa mpaka hapa,” naye anapaka, anabonyeza. Alikuwa haulizi. Mshahara ulikuwa mnono na mama yake alijengewa choo cha ndani, wa kwanza mtaani kwetu. Tulimwonea wivu, tukamsalimia zaidi.

Tukaanza kuishi vipande vipande. Kwenye zahanati ulipakwa mstari wa mgonjwa avuliwe nguo, ukaachwa wa mgonjwa atibiwe, kwa hiyo benchi lote lilijaa watu uchi wenye subira. Kwenye idara ya maji ulipakwa mstari wa mita isomwe. Mke wangu alimwuliza msoma mita anasoma nini na bomba halitoi hata jasho.

“Nasoma mita, mama,” akajibu.

“Maji je?”

“Maji si mimi. Maji ni mstari mwingine.”

Timu yetu ya taifa nayo ilikabidhiwa kombe, ikabebwa mabegani ikazungushwa mjini, kwa kuwa mistari ya mechi ilionekana ina wasiwasi mwingi. Waziri alipoulizwa na mwandishi mmoja kama hiyo si aibu, alijibu kwamba aibu haimo katika sehemu iliyopakwa.

*

Hapa lazima nieleze tabia moja ya ile mashine, la sivyo yatakayokuja hayataeleweka. Sehemu nyingi za Andiko huanza na mstari wa jina: *Mhusika ni fulani bin fulani.* Baada ya hapo mistari yote husema tu *Mhusika*. Mhusika apewe, Mhusika anyang'anywe. Ukiruka mstari wa jina, mashine haikuulizi wala haikugombezi. Inamchukua Mhusika wa mara ya mwisho, yule yule aliyetajwa nyuma, inaendelea naye.

Tuliijua tabia hii siku ya maonyesho ya kilimo, pale dume moja la ng'ombe liitwalo Bahasha lilipopewa zawadi ya unene. Kesho yake Chuo Kikuu kilikuwa kinamtunuku Ngalaba udaktari wa heshima. Mheshimiwa alikuwa na haraka ya kwenda kula, akamwambia Skolastika aruke utangulizi apake tu penye joho. Akapaka. Mashine ikatangaza kwamba Bahasha ametunukiwa udaktari wa falsafa, na maprofesa, watu wa utaratibu, wakalivisha joho. Ngalaba alipewa wake siku nyingine. Mpaka leo wako madaktari wawili wa mwaka ule, na mmoja hajawahi kumdhuru mtu.

Mtu mwingine yeyote angejifunza kusoma kuanzia juu. Ngalaba alijifunza kumchukia ng'ombe.

*

Skolastika alikuwa na mdogo wake, Osmund, mwalimu wa jiografia. Alikuwa mwembamba, anacheka kwa pua, ana pumu tangu utoto. Tulikuwa tunacheza bao pamoja Jumapili na alikuwa ananifunga bila huruma. Siku moja tukaitwa kuzindua daraja. Barabara ikaja mpaka mtoni, ikaishia hapo, kisha maji. Ulikuwa umepakwa mstari wa utepe ukatwe. Wa daraja lijengwe ulikuwa juu yake, haukuguswa. Waziri akakata utepe. Nikapiga makofi. Osmund, aliyekuwa na shule yake ng'ambo ya pili, akanyoosha kidole kwa adabu.

“Samahani, mheshimiwa. Tunavukaje?”

“Mwalimu,” Waziri akajibu kwenye kipaza sauti, “daraja limezinduliwa. Kuvuka usituchanganyie.”

Watu wakacheka. Ngalaba akageuka kuwatazama, akagundua kwamba hawamcheki mwalimu.

Jioni ile alisimama nyuma ya kiti cha Skolastika pale ghorofani. Sura ya Kukamata ilikuwa wazi kwenye skrini. Mhusika ni fulani. Akamatwe. Awekwe ndani. Chini yake ikafuata: apewe chakula, apewe dawa akiugua, afikishwe kwa hakimu. Hiyo mistari ya chini, hiyo na yote ya huruma katika Andiko zima, Waziri alikuwa ameifungia kufuli: haiendeshwi mpaka kidole gumba chake cha kulia kiguse kijisanduku kidogo cheusi, na kikigusa inafunguka mara moja tu.

“Weka jina. Osmund Kapinga.”

“Mheshimiwa, huyo ni ndugu yangu. Tumbo moja.”

“Ndiyo maana nimekuita wewe. Uzalendo hupimwa kwa ndugu.”

“Ana pumu, mheshimiwa. Nakuomba kidole chako kwa mstari wa dawa. Huo mmoja tu.”

“Mstari mmoja huita mwenzake, Skolastika. Leo dawa, kesho hakimu, kesho kutwa tunakabidhi funguo. Bonyeza.”

Akabonyeza. Simtetei. Mwenyewe hajitetei.

Osmund alikufa juma lile lile, amekaa sakafuni, anatafuta pumzi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye droo ya askari, karibu naye kama nilivyo karibu na ukuta huu. Askari alikuwa ameshika redio yake, anaukodolea macho ule mstari wa dawa, anangoja uwe buluu. Alikuwa kijana wa watu, alilia. Lakini hakufungua droo, na mimi nikikutana naye njiani navuka upande wa pili.

*

Askari wawili wakaja kwa Mama Skola, wakavua kofia.

“Mama, umejulishwa.”

“Nimejulishwa nini, wanangu?”

“Msiba, mama. Mwanao Osmund hatunaye.”

Tulisikia yowe mtaa mzima. Tulipofika tukamkuta bado anawauliza wale askari: mwili uko wapi? Unaletwa saa ngapi? Wakatazamana. Katika Sura ya Msiba ulikuwa umepakwa mstari mmoja, familia ijulishwe. Uliofuata ulitaka daktari aseme wazi mtu amekufa kwa nini, na wa baada ya huo ndio uliotoa mwili. Ngalaba hakutaka daktari aseme, basi na mwili ukabaki kwenye friji la gereza.

Wewe uliyezika watu wako hebu fikiri. Wanaume tulichimba kaburi kando ya kaburi la baba yake, tukakaa pembeni mwake na majembe, hakuna wa kumlaza. Mvua ikanyesha, udongo ukaporomoka, tukachimba tena. Padri akaja akaondoka. Wanawake wakawa hawajui waanze kulia msiba au waendelee kungoja, na hakuna kitu kibaya kama kilio kilichozuiliwa kooni. Mama Skola akawa anakwenda Wizarani kila asubuhi na kanga yake nyeusi, anakaa ngazini. Ngalaba akipita anamwambia kwa upole wote, “Mama, serikali ina huruma. Si umejulishwa?”

Na mimi siku hizo, kama kawaida, nilikuwa napiga makofi.

Skolastika alikuja kwa mama yake akakuta mlango umefungwa. Nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa matete, kila neno linapita.

“Mama, nifungulie.”

“Kidole kilichobonyeza kimebisha hodi kwangu? Nenda. Usikanyage hapa mpaka mwanangu arudi nimzike.”

“Nakuja kumrudisha, mama.”

Kisha nikasikia komeo. Skolastika akamweleza habari ya Bahasha na joho, na habari ya Mhusika wa mara ya mwisho. Akamweleza kwamba Ngalaba atavishwa Nishani ya Dhahabu mbele ya Mtukufu, na kwamba yeye ndiye atakayepaka, hadharani, kwenye skrini kubwa. Mama Skola alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo panahitajika mtu wa kumkasirisha,” akasema. “Mtu asiyejulikana jina.”

“Ndiyo, mama. Lakini ni hatari. Asiporuka jina, mwenye kuingia ndani ni wewe.”

“Basi nitakuwa nimelala jengo moja na mwanangu. Niachie mimi kupiga yowe. Yowe ninalo.”

*

Siku ya nishani uwanja ulifurika. Mtukufu Kiongozi kwenye kiti kirefu, mabalozi na miavuli, bendi ya polisi, na Skolastika mezani na kompyuta, uso mkavu kabisa. Akapaka sehemu ya kwanza, na sauti nzuri ya kike ikavuma kwenye spika zote: *Mhusika ni Dakta Kolumba Ngalaba. Mhusika asimame. Mhusika apigiwe makofi. Mhusika avikwe nishani.* Akasimama. Nikapiga. Akavikwa. Ilikuwa nzito, ikamvuta shingo mbele kidogo, akafunga macho kwa raha.

Ndipo yowe likatoka jukwaa la chini.

“Ngalaba! Nipe mwanangu nimzike! Ngalaba! Unavaa dhahabu na mwanangu yuko kwenye friji lako! Nipe mwanangu!”

Bendi ikanyamaza. Mabalozi wakageuza miavuli. Mtukufu akamtazama Waziri wake kama mtu anavyotazama nzi kwenye supu, na Ngalaba akashuka ngazi mbilimbili mpaka kwenye meza ya Skolastika. Alikuwa akimpita mama yule kila asubuhi pale ngazini, akizungumza naye, na hakuwahi kumwuliza jina wala kumtazama usoni.

“Kamata!” akafoka, na kipaza sauti kikawa wazi. “Paka hapo, kamata huyo mwanamke!”

“Sawa, mheshimiwa. Nianzie kwenye mstari wa jina?”

“Jina la nini? Kichaa ana jina? Ruka!”

“Mheshimiwa, utaratibu unasema tuanze juu.”

“Mimi ndiye utaratibu! Ruka!”

“Niruke kabisa?”

“Ruka! Ruka! Wewe ni kiziwi?”

Uwanja mzima ulisikia, na mabalozi wakatafsiriwa. Skolastika akashika kipanya akaburuta taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mistari miwili tu ikawa buluu. Akabonyeza.

*Mhusika, Dakta Kolumba Ngalaba, akamatwe,* sauti ikasema. *Mhusika, Dakta Kolumba Ngalaba, awekwe ndani.*

Polisi wetu wamefundishwa vizuri. Hawafikiri. Waliangalia redio zao, wakamwangalia mheshimiwa, wakaangalia redio tena, na aliyekuwa amembebea mwavuli akaukunja akamshika mkono.

“Pumbavu! Si mimi! Ni yule! Futa, Skolastika! Futa!”

“Kufuta nako ni huruma, mheshimiwa, ni mpaka kidole chako kiguse, na mikono imeshikwa.”

“Mtukufu! Mtukufu, waambie!”

Mtukufu Kiongozi aliinua uso akatazama mbinguni kwa makini. “Naona mvua itanyesha,” akasema, na walinzi wakamfungulia mlango wa gari.

Mimi nilisimama. Hakuna mstari ulioniagiza. Nilipiga makofi mpaka mwenzangu wa Daraja la Kwanza akanivuta shati, kisha naye akasimama.

*

Nasikia saa za kwanza alizitumia kuamrisha. Baadaye akaomba chakula, maana aliacha karamu ya nishani haijapakuliwa. Askari akamwonyesha redio: akamatwe, awekwe ndani, basi. Chakula hakikupakwa. Akalia njaa, akalia kisukari, akalia kiti. Mkuki kwa nguruwe. Hatimaye akataka aitiwe Mkurugenzi wa Upakaji.

Skolastika alifika jua halijazama, na kompyuta ya kubeba mkononi na kile kijisanduku cheusi.

“Binti yangu,” Ngalaba akasema kwenye nondo. Hakuwahi kumwita hivyo. “Yaliyopita si ndwele. Kuna Sura ya Msamaha mle, ile wale vijana walioandika waliiweka kwa ajili ya sikukuu. Inatoa wote. Iendeshe.”

“Ipo, mheshimiwa. Inataka kidole chako.”

“Leta!”

“Nikusomee kwanza kuanzia juu? Ni mistari michache.”

“Skolastika, nina njaa! Umeanza tena mambo yako ya juu? Leta hicho kisanduku!”

Akapitisha kidole gumba katikati ya nondo, akakikandamiza. Kufuli likaita. Skolastika akapaka sura yote kuanzia mstari wa kwanza, hakuruka hata nukta, akabonyeza, na sauti ikasikika gereza zima.

*Mhusika ni kila aliyekuwa ndani kabla ya leo. Aliye hai atoke. Aliyekufa akabidhiwe kwao.*

Makufuli yakaanza kulia, moja baada ya jingine, ukumbi mzima. Wakatoka watu wenye ndevu na watu wasio na viatu, wanapangusa macho, wanapita mbele ya chumba cha Ngalaba, wengine wakimwamkia kwa mazoea. Yeye alisimama ameshika nondo anangoja la kwake. Halikulia.

“Mbona langu?” akauliza.

“Wewe umeingia leo, mheshimiwa,” Skolastika akasema. “Ningekusomea.”

Nilimwuliza baadaye alijisikiaje. Aliniambia alitaka kusimama pale amtazame zaidi, alifurahi hivyo, lakini alikuwa ameitwa mlango wa nyuma kumpokea mdogo wake.

*

Tulimzika Osmund kesho yake, kando ya baba yake. Wafungwa wote walikuja na nguo zile zile walizotoka nazo. Daktari naye akaja, akasema juu ya kaburi, bila kupakwa na mtu, kwamba kijana huyu aliuawa na droo iliyofungwa. Wanawake wakalia mpaka basi. Skolastika alimwaga udongo wa pili baada ya mama yake, na mama yake hakumzuia. Alimshika mkono ule wenye kidole, akaushika hivyo muda mrefu.

Huku gerezani Ngalaba alikuwa amechangamka. Usiku kucha alifanya hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameanza mwanzo: aliyeingia jana, leo tayari ni *kabla ya leo*! Sura ya Msamaha ikiendeshwa tena, anatoka. Akatoa kidole gumba nje ya nondo toka alfajiri. Lakini kijisanduku kilikuwa kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa likizo ya msiba. Wizara ikatafuta wa kukaimu. Kila aliyeguswa aliuliza kwanza, “Mhusika wa mwisho sasa hivi ni nani?” na kwa kuwa hakuna aliyejua kwa uhakika, wote wakaugua malaria. Nishani nazo hazina mtu wa kuzivaa. Mtukufu, alipoulizwa kuhusu Waziri wake wa Mipangilio, alisema nchi hii haijawahi kuwa na wizara ya jina hilo.

Chakula anapewa. Mama Skola anampelekea mwenyewe, sahani ya ugali na dagaa, anaisukuma chini ya mlango. Anasema hataki afe. Kwa nini hataki, sikuuliza, na wewe usiulize.

Juzi nilikuwa nimekaa barazani kwake, turubai la msiba bado limetandwa uani, akaja mjumbe kutoka gerezani, amevua kofia.

“Shikamoo, mama. Mheshimiwa anasalimu. Anauliza, dada atarudi kazini lini?”

“Marahaba, mwanangu. Si tukimaliza msiba.”

“Na msiba, mama, utaisha lini?”

Mama Skola alikuwa anachambua mchele. Akaondoa kijiwe, akakitazama, akakitupa.

“Mwambie avute subira,” akasema. “Sisi huku kwetu tunalia polepole.”